Kususia, Haki na Hizbu: Uhakiki wa Yaliyoandikwa juu ya Siasa za Waislamu wa Pemba

Tangu mwaka 1965, kilipochapishwa kitabu cha Bw. Michael Lofchie kiitwacho Zanzibar: Background to Revolution, yameandikwa mengi juu ya siasa za Unguja na Pemba, na sehemu kubwa ya hayo imeandikwa na wageni, kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa ng'ambo. Hilo lenyewe si kosa, kwani mgeni huona mambo ambayo mwenyeji ameyazoea hata hayaoni tena. Lakini liko jambo moja ambalo halijaangaliwa kama ipasavyo, nalo ni la lugha. Watafiti hawa wamezungumza na watu wasemao Kiswahili, wamesoma magazeti ya Kiswahili, kisha wameyaeleza waliyoyapata kwa maneno ya lugha nyingine ambayo yana historia yake mbali. Katika kuvuka huko maana moja hupotea njiani, na nyingine isiyokuwamo hupanda chomboni. Makala haya yaangalia baadhi ya vitabu hivyo na kuvipima kwa mahali pamoja tu, Micheweni, kaskazini mashariki ya Pemba.

Micheweni haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Magharibi ya kisiwa ni vilima vya mikarafuu. Upande wa Wingwi, Micheweni na Kiuyu ni nchi nyingine kabisa, ardhi ya maweni isiyompendeza mkulima wa karafuu, ambako watu huishi kwa uvuvi, kwa muhogo, kwa mwani na kwa kuvunja mawe. Uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2004/05 uliiweka wilaya hii miongoni mwa zilizo masikini kabisa Zanzibar. Basi nadharia yoyote isemayo kwamba siasa za Pemba ni siasa za wenye mashamba ya karafuu, ya Waarabu na washirika wao, haina budi kujibu swali la Micheweni, ambako karafuu ni chache na upinzani umekuwa mkali kama popote kisiwani, kama si kuzidi.

Tena ni mahali palipomwagika damu. Tarehe 27 Januari 2001 watu wa Micheweni waliandamana kama walivyoandamana wenzao wa Wete, Chake Chake na Mkoani, kuupinga uchaguzi wa mwaka 2000 na kutaka urudiwe. Polisi wakapiga risasi. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa Unguja na Pemba katika siku hizo, na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita iliyoundwa na Serikali ilitaja watu 31. Huko Micheweni aliuawa askari polisi pia. Watu wapatao 2,000 wakavuka bahari, wakakimbilia Shimoni nchini Kenya. Mambo ya namna hii hayawezi kuandikwa ovyo, kwani jina ambalo mtaalamu analipa tukio leo, kesho hulikuta katika kauli ya waziri na katika hati ya mashtaka.

Jina ambalo limetumika mara nyingi ni "siasa za Waislamu". Yafaa kuuliza jina hilo laeleza nini. Karibu watu wote wa Unguja na Pemba ni Waislamu. Mtu wa CCM ni Mwislamu na mtu wa CUF ni Mwislamu. Walioandamana walikuwa Waislamu, na mawaziri wa Serikali ya Zanzibar walioyapinga maandamano hayo walikuwa Waislamu, walio wengi wa madhehebu yale yale ya Imamu Shafii. Jeshi la polisi, ni kweli, ni la Muungano na lina watu wa kila dini, lakini amri haikutolewa wala haikukataliwa kwa sababu ya kibla. Sifa waliyo nayo watu wote haiwezi kueleza kwa nini watu hao wamegawanyika. Hii ni kanuni nyepesi ya mantiki, nayo yashangaza kuona jinsi inavyosahauliwa mara tu neno Uislamu liingiapo katika anwani ya kitabu.

Wala si kwamba Uislamu wa Micheweni ni jambo la juzi lililoletwa na chama. Uchimbaji wa Bi. Adria LaViolette na Bw. Jeffrey Fleisher huko Tumbe na Chwaka, ndani ya wilaya hii hii, umeonyesha makazi ya tangu karne za kwanza za historia ya Waswahili, na magofu ya msikiti wa Chwaka yangali yaonekana. Dini iliyokaa mahali kwa muda wa karne nyingi haielezi kwa nini watu walianza kutengana mwaka 1957 na si kabla yake.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote juu ya jambo hili umo katika neno moja la Kiswahili: kususia. Vitabu vya Kiingereza hulitafsiri kwa neno litumikalo kwa mgomo wa wanunuzi, na msomaji wa ng'ambo hufikiria chama, mkakati na orodha ya maduka. Asili ya neno hili ni ya nyumbani. Mtoto husisitiza hasira yake kwa kususa chakula. Mtu aliyekosewa na nduguye hususa kuja shughulini. Anayesusa hujinyima yeye mwenyewe, na hufanya hivyo mbele ya mtu ambaye anatumaini kwamba ataumia kwa kumwona akijinyima. Haiwezekani kumsusia mtu usiyemjali. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957, na tena baada ya ule wa mwaka 1995, watu walisusiana maduka, wakasusiana magari ya abiria, wakasusiana harusi, na Pemba ikasikika kwa jambo zito kuliko hayo, yaani kususiana maziko.

Msomaji anayezijua sheria za dini ataona mara moja uzito wake. Kumkosha maiti, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakiitimiza baadhi ya watu, waliosalia husamehewa, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Kama kweli dini ndiyo iliyokuwa ikiiongoza siasa, jeneza la Mwislamu lisingesusiwa na jirani zake Waislamu kwa sababu ya kadi ya chama. Kilichotokea ni kinyume chake. Siasa ilipata nguvu ya kuingia msikitini na makaburini, ikawapima watu hapo, kwa kuwa hapo ndipo mtu huumia zaidi akiachwa peke yake. Mtafiti akutaye ugomvi msikitini akahitimisha kwamba ugomvi huo ni wa dini amefanya kama mtu aliyewakuta wake wenza wakigombana kisimani, akaandika kwamba kijiji kina shida ya maji.

Bw. Lofchie hawezi kulaumiwa kwa kosa hilo. Yeye hakuitafuta sababu katika dini, bali katika ardhi na nasaba. Alieleza kwamba Pemba, tofauti na Unguja, Washirazi wengi walimiliki mikarafuu yao wenyewe, wakaoana na Waarabu, na kwa hiyo walio wengi hawakuuona mwito wa Afro-Shirazi Party kuwa mwito wao. Ndipo chama cha ZPPP cha Bw. Mohammed Shamte kilipopata nguvu zake huko, kikaungana na Hizbu. Hoja hiyo ilikuwa na manufaa makubwa, na hata leo mwanafunzi hawezi kuiruka. Udhaifu wake ni kuchukua majina ya makabila kama yalivyo katika karatasi za serikali ya kikoloni. Hesabu za watu za mwaka 1924, 1931 na 1948 zaonyesha jinsi watu waliojiita Waswahili walivyopungua ghafula na waliojiita Washirazi walivyoongezeka, hali ya kuwa hakuna aliyehama wala aliyezaliwa upya. Jina la kabila lilikuwa jibu la swali lililoulizwa na mwenye kalamu, na jibu hubadilika kwa kadiri ya faida na hofu ya mwaka ule. Tena Pemba ya Bw. Lofchie ni Pemba ya mikarafuu. Micheweni haimo.

Kitabu cha Bw. Jonathon Glassman, War of Words, War of Stones, kilichotoka mwaka 2011, kimeandikwa ili kujibu nadharia za namna hiyo. Bw. Glassman ashikilia kwamba fikra za ubaguzi hazikuletwa na Mwingereza peke yake, wala hazikuzaliwa na ardhi na mali tu. Zilitungwa, zikasambazwa na kupaliliwa na wasomi wa visiwani wenyewe, waalimu na wahariri, katika magazeti kama Mwongozi na Afrika Kwetu, katika miaka ambayo wenyeji huiita zama za siasa. Hapana shaka kwamba hiki ndicho kitabu kilichosoma maandishi ya Kiswahili kwa uangalifu kuliko vyote vilivyotangulia juu ya zama hizo. Sura zake juu ya neno ustaarabu zastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa lugha. Zaonyesha jinsi neno ambalo watu walilitumia kwa adabu na maisha ya mji lilivyobeba ndani yake ngazi ya watu, nani yuko juu na nani yuko chini, na jinsi wapinzani wa Hizbu walivyoikubali ngazi ile ile ijapokuwa walitaka kuigeuza.

Lakini kitabu hiki chaacha swali wazi, nalo ni swali ambalo Pemba ingelijibu. Katika ghasia za Juni 1961 waliuawa watu 68, walio wengi wao Waarabu, na mauaji hayo yalikuwa Unguja. Magazeti yalisomwa Pemba pia. Matusi yalijulikana, wasemaji walipanda majukwaani, watu walisusiana. Kama maneno ndiyo yaliyozaa mawe, kwa nini mawe hayakurushwa Pemba kama yalivyorushwa Unguja? Hapa hoja ya zamani ya Bw. Lofchie juu ya ardhi na ndoa yarudi mlangoni, na Bw. Glassman, ambaye angependa kuifukuza, haitoi nje kabisa. Pemba hupata katika kitabu chake nafasi ndogo, na sababu yaeleweka: anachunguza mauaji, naye aenda palipouawa watu. Hata hivyo mahali ambapo watu walitukanwa na hawakuua pana haki ya kuchunguzwa sawa na mahali walipoua. Pengine jawabu limo katika kususia kwenyewe. Mtu aliyekwisha kumwadhibu jirani yake kwa kumnyima mkono wake makaburini hahitaji panga. Hilo ni pendekezo tu, lakini ni pendekezo ambalo lingeweza kupimwa na mtafiti akaaye kijijini miezi michache na kusikiliza.

Yafaa kukumbusha pia kwamba neno siasa lenyewe halikuwa na ukali lilio nao sasa. Kamusi za zamani zalieleza kuwa ni upole na taratibu. Kumwendea mtu kwa siasa kulikuwa kumwendea kwa uangalifu, bila ya kumtisha. Watu walipoziita zile zama za uchaguzi zama za siasa, masikio ya wazee yalisikia ndani ya jina hilo kejeli ambayo hakuna tafsiri ya Kiingereza iwezayo kuibeba.

Sasa yaja maneno ambayo yamewapotosha watafiti zaidi, nayo ni yale yenye asili ya Kiarabu. Chama cha CUF kiliundwa mwaka 1992 kwa kuunganishwa Kamati ya Mageuzi Huru ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha Bw. James Mapalala wa Bara, na wito wake ulikuwa "Haki sawa kwa wote". Mwandishi atokaye katika masomo ya Mashariki ya Kati akisikia haki husikia mara moja mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Akisikia dhuluma husikia Kurani. Akiyasikia maneno hayo mawili katika mkutano mmoja huko Micheweni, tena kutoka kwa mtu aliyevaa kanzu na kofia, huandika kwamba chama kinatumia lugha ya dini. Lakini Mswahili hana neno jingine. Mvuvi anayegawana samaki na wenzake hutaka haki yake. Mchukuzi asiyelipwa husema amedhulumiwa. Mwanamke hudai haki zake kwa mumewe, na mwanafunzi wa Kikristo wa Songea aliyenyimwa alama husema vile vile. Kama asili ya neno ingekuwa ushahidi wa itikadi, basi hakuna chama cha Kiislamu kuliko Serikali yenyewe, ambayo katiba, sheria, wizara, raisi na jamhuri yake vyote vimetoka Uarabuni, na jina la serikali limetoka Uajemi. Na wale ambao mwaka 2012 waliogopwa kuliko wote kwa sababu ya dini walijiita Uamsho, neno la Kibantu tupu.

Mfano wa Hizbu ni mzuri zaidi, kwa sababu waonyesha safari nzima ya neno. Kwa Kiarabu ni chama tu, chama chochote. Liliingia katika siasa za Zanzibar mwaka 1955 kwa jina refu la chama cha raia wa Sultani, kilichoanzishwa na wakulima wa Kiembe Samaki, na watu wakalifupisha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 chama kilikufa, lakini neno halikufa. Liligeuka kuwa tusi, na katika miaka ya 1990 lilirushwa kwa wanachama wa CUF, wengi wao waliozaliwa baada ya chama hicho kufutwa. Kijana wa Micheweni aliyeitwa Hizbu hakuambiwa kwamba ni mwanachama wa kitu chochote. Aliambiwa kwamba nchi si yake. Sasa mtafiti akija na kitabu cha mwaka 1965 mkononi, akasikia neno hilo kinywani mwa msemaji wa jukwaani, huweza kuandika kwamba mgawanyiko wa zamani wa Hizbu na Afro-Shirazi ungali unaendelea bila kubadilika. Amelichukua tusi akalifanya historia. Hili si kosa dogo, kwa kuwa ndilo hasa ambalo mtoa tusi alitaka lifanyike.

Haki yataka isemwe pia upande wa pili. Wako watu ambao walitaka kwa uwazi siasa ya dini. Tangu miaka ya 1980 vijana wa Ansari Sunna walizipinga maulidi na hitima, na kuandama kwa mwezi kukawa sababu ya watu wa mtaa mmoja kusali Idi siku mbili mbalimbali. Sheria ya Mufti ya mwaka 2001 ilipitishwa katikati ya mabishano hayo, na waliofungamana na Uamsho waliiona kuwa ni mkono wa dola uliotiwa msikitini. Mei 2012 makanisa yalichomwa moto Unguja. Mambo haya hayafichiki, na makala ya Bw. Simon Turner ya mwaka 2009 juu ya vijana hao yana faida, hasa kwa kuonyesha kwamba ugomvi wao wa kwanza ulikuwa na wazee wao wenyewe. Lakini msikilizaji wa mihadhara ya Uamsho ya mwaka 2012 angesikia kwa sehemu kubwa mambo ya Muungano, mamlaka ya Zanzibar na katiba, yaani yale yale yaliyokuwa yakisemwa mabarazani na watu wasiofuga ndevu. Viongozi wake walikamatwa Oktoba 2012, baadaye wakashitakiwa kwa ugaidi Bara, wakakaa rumande miaka bila ya kuhukumiwa hata mashtaka yakafutwa mnamo Juni 2021. Muda wote huo swali la kama hiyo ilikuwa ni dini au siasa halikuwa swali la wataalamu peke yao.

Kitabu cha Bw. Roman Loimeier cha mwaka 2009, Between Social Skills and Marketable Skills, chajua zaidi juu ya wanazuoni, vyuo na serikali kuliko kitabu chochote kingine, na mtu akitaka kujua nani alisoma kwa nani atakipata humo. Ni kitabu cha Mji Mkongwe. Hilo si lawama kwa Bw. Loimeier, aliyekwenda palipo na vyuo na makaratasi. Lakini wale wanaokitumia ili waieleze Zanzibar nzima huvuka mkondo wa Pemba bila ya kupanda chombo.

Kazi ya Bw. G. Thomas Burgess, iliyochapishwa mwaka huo huo, ni ya namna nyingine: maisha ya watu wawili, Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad, yaliyosimuliwa nao. Wote wawili ni watoto wa Pemba. Mmoja alizaliwa Wete, wa pili Mtambwe. Mmoja aliyatumikia Mapinduzi akawa Waziri wa Elimu, mwingine akawa kwa muda wa miaka thelathini kiongozi mkuu wa upinzani, hata alipofariki Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Raisi. Kuwaweka kando kwa kando ni fikra bora. Mtu akisoma yote mawili haoni Mwarabu na Mwafrika, wala mcha Mungu na kafiri, aona watu wawili wa kisiwa kimoja waliotofautiana juu ya nini maana ya haki. Tatizo ni kwamba wote wawili wanasema Kiingereza cha namna moja, laini, kilichopangwa na mhariri. Ali Sultan alijulikana kwa ulimi wake, na Maalim Seif alikuwa msemaji wa jukwaani aliyejua lini alegeze sauti kwa lafudhi ya kwao. Sauti hizo hazimo kitabuni.

Bora kuliko yote, kwa kipimo cha makala haya, ni sura iliyoandikwa na Bi. Nathalie Arnold Koenings katika mkusanyo wa Bw. William Cunningham Bissell na Bi. Marie-Aude Fouéré, uliotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2018. Bi. Koenings aliishi Pemba na kuzungumza lugha ya Pemba, na yaonekana. Amegundua jambo ambalo wengine wote walilikosa: kwamba Wapemba wakiulizwa juu ya Mapinduzi hawazungumzi juu ya usiku wa 12 Januari 1964. Usiku ule Pemba haikupigana. Huzungumza juu ya yaliyokuja baadaye, siku za bakora, watu walipochapwa hadharani, na miaka ya njaa chakula kilipokuwa adimu. Mtafiti ambaye daftari lake lina swali juu ya usiku mmoja hatapata jibu, ataandika kwamba watu wanaogopa au wamesahau. Kumbe ameuliza tarehe isiyokuwa yao. Makala yake ya mwaka 2002 juu ya mashairi na siasa za Pemba yalikwisha kuonyesha kwamba watu wa kisiwani waliyajadili mambo ya mwaka 1995 hadi 2001 kwa lugha ya aibu na heshima, ya nani ana haya na nani hana. Aibu si neno la chama wala si neno la sheria za dini, ingawa dini yalijua. Ni neno la majirani, na lakaa nyumba moja na kususia.

Linalobaki ni upande gani mtafiti asimame anapoitazama Micheweni. Karibu wote wameitazama kutoka Unguja, kwa sababu ndiko zilikohifadhiwa nyaraka na ndiko kilikotolewa kibali. Wenyeji wa kaskazini ya Pemba hawakuzoea kuangalia upande huo tu. Mazrui wa Mombasa walikitawala kisiwa hiki hata miaka ya mwanzo ya 1820. Wavuvi na wafanya biashara wa Tumbe na Msuka wamekuwa wakienda Shimoni, Vanga, Mombasa na Tanga tangu kabla ya kuwapo mpaka. Waliokimbia mwaka 2001 hawakukimbilia ugenini kabisa, walikwenda kwa watu ambao lugha yao waliielewa. Kwa hiyo kitabu kiwekacho mgogoro wa Pemba ndani ya mambo ya Zanzibar peke yake, na kingine kiuwekacho ndani ya "Uislamu wa Afrika ya Mashariki" pamoja na chama cha IPK cha Mombasa cha mwaka 1992, vyote viwili hukosea kwa namna moja: cha kwanza chasahau bahari, cha pili chakumbuka msikiti na kusahau chombo kilichowapeleka watu huko. Watu wa Mombasa waliodai chama chao mwaka ule walikuwa Waislamu wachache katika nchi ya Wakristo wengi. Micheweni hakuna wachache wala wengi wa dini.

Mwaka 1958 Bw. W. H. Whiteley alitoa kijitabu chake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, kilichochapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Ulikuwa ni mwaka wa pili wa zama za siasa, na ndani yake siasa haimo. Hata hivyo kijitabu hicho chafaa kuliko vingi vilivyokuja baadaye kwa sababu moja: maneno ya watu yamechapishwa kama walivyoyasema, na tafsiri imewekwa kando yake, msomaji apate kubishana na mfasiri. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2002 imekusanya maneno ya walioona, wengine wakiwa bado wakimbizi, na jina lake kwa Kiswahili ni sawa na kusema kwamba risasi zilikuwa zikinyesha. Yaelekea mtu fulani alisema hivyo. Kwa haja ya wanasheria hiyo yatosha, na ripoti ilifanya kazi njema. Lakini msemaji huyo alisema zikinyesha, au zikimiminika, au alitumia neno la kwao ambalo kamusi la lahaja ya Kipemba la BAKIZA lingetakiwa kutafutwa ili kulieleza? Alipowataja waliopiga, aliwaita askari, serikali, au wao tu? Alipowataja wenzake, aliwaita Waislamu, wananchi, au watu wa Micheweni? Daftari na kanda za mahojiano ya namna hiyo, kama zingaliko, hazijachapishwa kwa lugha yake.